Kamanda na Cheti cha Faraja

Jumatatu, 4 Mei 2026
Nimekwisha. Mwezi uliopita nilijaza fomu ya wafadhili. Waliuliza kama kituo chetu cha mazoezi ya viungo, hapa Pongwe, kina mbwa wa kufariji wagonjwa. Nikaandika ndiyo. Nilikuwa nimeshaandika "hapana" nyingi mno. Leo barua: mtahini anakuja Ijumaa kumpima mbwa huyo, akifaulu apewe cheti. Bi Zuleha, mkuu wa kituo, akaniuliza kwa upole ni mbwa yupi. Nikamtaja Kamanda, wa mlinzi wetu Asheri. Akasema bila cheti, mkataba wangu wa majaribio unaishia Ijumaa hiyohiyo. Sikumwambia kwamba naogopa mbwa.

Jumanne, 5 Mei
Kamanda ana kipaji! Magongo yakianguka, hashtuki. Kiti cha magurudumu kikija, anapisha. Nilitazama kwa mbali, nikiwa juu ya benchi. Kisha nikashuka, nikainama kufunga kamba za viatu. Kamanda akaruka ua, akapotelea kwenye mkonge. Asheri alicheka hadi akakaa chini. "Huyo katoka mtaani, karani. Ukiinama, anajua umefuata jiwe."
Ajabu. Mbwa aliporudi nikajaribu tena: kijiko, kalamu, karatasi. Nikiinama kidogo, masikio yanasimama. Mikono ikifika magotini, hayupo. Nimechora jedwali. Mbwa wa nchi nyingine huona nini mtu akiinama?

Jumatano, 6 Mei
Ufumbuzi: hadi Ijumaa asiiname mtu. Nimebandika tangazo. Saa nne Bi Zuleha akaniita. Wagonjwa wamegoma mazoezi ya mgongo, wakionyesha tangazo langu. Uwanja nao haujafagiwa. Fagio la chelewa halifanyi kazi mtu akiwa wima. Tangazo limebaki kwa Ijumaa asubuhi tu.

Alhamisi, 7 Mei
Mtihani unataka mgonjwa mmoja akae na mbwa. Wote wakageukia ukutani. Nikamwendea Mzee Idarusi, ambaye kiharusi kimemlaza mkono wa kushoto, haujasogea mwezi wa nne sasa. Nikatoa shikamoo mbili. Akasema manyoya makavu hayana neno, lakini mate yakigusa kanzu yake ya Ijumaa nitaiosha mimi, mara saba, moja kwa udongo. Nikakubali. Nimeshachota udongo kabisa.

Ijumaa, 8 Mei
Mtahini ni Bi Leticia. Mrefu, mpole, anaandika kila kitu. Kituo kizima wima kama gwaride. Magongo: Kamanda alifaulu. Kelele za sufuria: alifaulu. Likabaki la mwisho, kutulia mbele ya mgeni. Bi Leticia akaangusha kalamu. Akaanza kuinama. Nikamuwahi, nikainama mimi.
Safari hii Kamanda hakuruka ua. Alijitupa chini ya kiti cha Mzee Idarusi, akatoa kichwa tu, akitetemeka. Mkono wa kushoto wa Mzee ukashuka, polepole mno, ukatua kwenye kile kichwa.
"Hapigwi mtu hapa," alisema.
Bi Zuleha akavua miwani, akaifuta muda mrefu.
Kamanda amefeli. Mbwa mwoga hapewi cheti. Lakini Bi Leticia aliuandika ule mkono, mistari mingi, akasema turudie baada ya miezi mitatu. Bi Zuleha akaniongezea miezi mitatu hiyohiyo. Kanzu ilipata mate. Niliiosha, nikapoteza hesabu kwenye tano, nikaanza upya.

Jumamosi, 9 Mei
Bi Leticia amepiga simu. Anataka kujua nani alimfundisha Kamanda kutoshtushwa na magongo. Nilitaka kusema hakuna, kazaliwa hivyo. Lakini alinyamaza akisubiri jibu, na kimya cha kwenye simu sikiwezi. Nikasema ni mimi, na kwamba mbwa ndio mapenzi yangu tangu utotoni. Amefurahi sana. Kesho natakiwa Ushongo, kwenye nyumba ya wageni yenye mbwa sita wa kufundishwa. Nimesema nitafika mapema.
Sijawahi kugusa hata mmoja. Nimemuuliza Asheri mbwa huanza kushikwa upande gani.