Pingamizi Langu kwa Baba Mdogo

Jumatatu, 3 Machi

Sikulala vizuri. Baba Mdogo Loserian ameonekana tena Nkoaranga, kwenye shamba la marehemu Babu, akitembea na mtu mwenye mabuti na kamba ya kupimia. Habari nimepewa na Mama kwa simu, kwa utulivu unaoniudhi. Nikamuuliza walipima wapi. Akasema huku chini, karibu na barabara. Yaani kwake. Nyumba yake, migomba yake, banda la ng'ombe wake.

Hali ni hii. Babu Aminiel alifariki Novemba. Krismasi, watu wote wakiwa nyumbani, ukoo ulikaa kikao kupendekeza msimamizi wa mirathi. Nilijiandaa kupendekezwa mimi. Nina diploma ya utunzaji wa kumbukumbu. Ni karani wa stoo katika duka la pembejeo mjini na sijawahi kupoteza hata mfuko wa mbolea. Nilivaa tai. Mzee Yoeli, mshili wetu, yaani kiongozi wa ukoo, akanitazama na kuuliza kama kuna mwenye neno. Sauti ikakauka. Nikaomba maji. Nilipomaliza kunywa, Baba Mdogo alikuwa ameshachaguliwa, na mimi nimechaguliwa kuandika muhtasari. Niliuandika vizuri sana.

Baba yangu alikufa nikiwa darasa la tatu. Mama pale ni mkwe, mjane, hana karatasi yoyote. Baba Mdogo akishateuliwa na mahakama atauza ile sehemu ya barabarani, na Mama atahamia kwangu Sombetini. Chumba kimoja. Na ng'ombe.

Lazima azuiwe. Ila asijue ni mimi.

Jumatano, 5 Machi

Niliomba ruhusa kazini, nikasema jino. Nikaenda Mahakama ya Mwanzo. Tangazo la mirathi ya Babu bado liko ubaoni. Muda wake unaisha wiki ijayo. Mwenye pingamizi alilete kabla.

Karani wa mahakama anaitwa Arafa. Nikamwambia namuulizia rafiki yangu, ana tatizo na baba yake mdogo. Arafa akasema kila anayefika pale dirishani ana rafiki mwenye baba mdogo. Akaeleza kwamba msimamizi si mwenye mali. Anakusanya, analipa madeni, anawagawia warithi, kisha anarudi mahakamani kutoa hesabu. Nikasema hayo ni ya kwenye sheria, yeye hamjui baba mdogo wa rafiki yangu. Akauliza kama huyo rafiki ameshakaa na baba yake mdogo wakaongea.

Swali gani hilo. Angeweza kuongea naye angekuja mahakamani?

Kazini, Twahir wa kaunta akauliza jino lipi. Nikaonyesha la kushoto. Baada ya chai nikaonyesha la kulia.

Alhamisi, 6 Machi

Pingamizi limeandikwa. Mwanzo niliweka uchungu, nikaona uchungu si hoja. Hoja niliyoipata ni kali: kwamba ardhi yote, kuanzia mfereji wa juu hadi barabarani, ni mali ya marehemu bila kubakiza kipande, na mtu yeyote asiruhusiwe kuimega. Nimeisoma mara nyingi. Haina mwanya. Baba Mdogo hataweza kuuza hata mgomba.

Nikasaini: Mwanaukoo Mwenye Mashaka. Arafa akalirudisha. Akasema hakimu hawezi kuita mashaka yasimame mbele yake, anaita mtu. Nikaandika jina langu, Ephraimu, kwa herufi ndogo. Akanipa kalamu yake, akasema andika kubwa, kaka, hujaua mtu. Shauri ni Jumatano ijayo. Baba Mdogo atapelekewa wito.

Jioni akapiga simu mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo mara tatu katika mazungumzo yale yale. Akaitikia zote. Akauliza kama nakula vizuri huko mjini. Wito hakuutaja kabisa, kana kwamba haujamfikia.

Mtu hatari sana huyu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemweleza Twahir kila kitu. Wazazi wake walitoka pwani, hana shamba, kwa hiyo anatoa ushauri wa mashamba bila woga. Anasema hakimu anaweza kuja kuona eneo. Akija, karatasi hazitamsaidia, ataangalia mipaka. Panda mpaka, karani. Zungushia kwa mama yako.

Twahir ana akili kuliko anavyoonekana. Kwetu mpaka ni masale, yale majani marefu ya kijani. Yakishapandwa, hakuna anayethubutu kuyang'oa. Mlinzi wa kanisa ameniruhusu nikate kwenye ua wao. Kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Lazima niandike haya leo leo.

Mvua ilinyesha usiku, njia ya kupanda Nkoaranga ilikuwa utelezi mtupu. Nilibeba mzigo wa masale kuanzia tumboni hadi kidevuni. Kwenye kona, nikakutana uso kwa uso na Baba Mdogo na Mzee Yoeli wakishuka kutoka nyumba ya juu, kwa Bibi, mjane wa Babu. Nikajaribu kuuficha mzigo nyuma. Ulikuwa mpana kuliko mimi.

Hapa niandike jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua, na ambalo mimi hofu ilinisahaulisha. Sale halipandwi mpakani tu. Ukimwendea uliyemkosea huku umelishika mkononi, unaomba radhi. Na yeye hawezi kukunyima.

Baba Mdogo akayatazama majani. Akanitazama mimi. Akavua kofia. Machozi yakamlengalenga. Akasema alijua nitakuja tu, hakujua nitakuja na mengi hivi.

Mzee Yoeli akasema katika ushili wake wote ameona watu wakija na jani moja. Aliyechoma nyumba ya mwenzake alikuja na mawili. Mzigo mzima hajawahi kuona. Makosa ya huyu, akasema, ni ya kukodi gari. Baba Mdogo akainama, akachunguza kwa chini. Tena mengine yana mizizi, mshili, akasema. Mwanangu anataka msamaha uote kabisa.

Nilikuwa na njia mbili. Niseme nimekuja kupanda mpaka dhidi yake, au nisamehewe. Nikasema nisamehe, Baba Mdogo.

Akachukua jani moja. Tukapanda pamoja hadi kwa Bibi. Bibi akapiga vigelegele, akanipa loshoro, ule mseto wa mahindi na maziwa ya mgando, bakuli kubwa, akakaa pembeni kuhakikisha namaliza. Mshili akasema Jumatano nitasimama mbele ya hakimu kuondoa pingamizi. Nikasema ndiyo, mzee. Nikasema na asante.

Kwa Mama, aliuliza yaliyobaki ni ya kumwomba nani radhi. Akayachukua akayapanda nyuma ya banda, yasiharibike.

Nimempotezea Mama shamba. Kwa sababu ya majani.

Jumatano, 12 Machi

Ruhusa tena, jino lile lile. Twahir hakuuliza upande.

Hakimu aliuliza kwa nini naondoa pingamizi. Nikaomba maji. Mzee Yoeli akasimama kwa niaba yangu, akaeleza kwamba kijana ameleta sale. Hakimu, naye ni mtu wa huku huku, akaandika. Mzee Yoeli akaongeza kwamba ameleta mengi. Hakimu akauliza mengi kiasi gani. Mshili akapanua mikono. Watu wa mashauri mengine kwenye mabenchi wakacheka.

Kisha hakimu akalisoma pingamizi langu kwa sauti, taratibu, akaniuliza kama nililielewa wakati naliandika. Nikasema ndiyo, mheshimiwa. Akamgeukia Baba Mdogo.

Baba Mdogo akasema ile sehemu ya chini Babu alimpa kaka yake, yaani baba yangu, siku alipooa, mbele ya wazee. Mshili alikuwepo na yuko tayari kuapa. Kwa hiyo haimo kwenye mirathi na yeye hataiorodhesha. Yule mtu wa mabuti aliitwa aipime, ili shemeji yake Nice aombe hati kwa jina lake mwenyewe, mtu asije kumsumbua akizeeka.

Shemeji yake Nice ni Mama.

Hakimu akagonga kidole kwenye karatasi yangu. Akasema kijana huyu ameandika kwamba ardhi yote hadi barabarani ni ya marehemu, bila kubakiza kipande. Lingesimama hili na likakubaliwa, mama yake angepanga foleni na warithi kuomba jiko lake mwenyewe.

Mama, aliyekaa benchi la mbele, akageuka kunitazama. Ingekuwa nafuu angenigombeza.

Pingamizi likaondolewa, Baba Mdogo akateuliwa. Dirishani, Arafa akauliza kama rafiki yangu atapelekewa habari au atasubiri tangazo jingine ubaoni. Nje, Baba Mdogo akaninunulia soda. Akasema siku nyingine nikiwa na jambo nimpigie tu, hata usiku. Nikasema shikamoo.

Jumapili, 16 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Kabla sijaanza mipango yangu, Mama hakuwa na karatasi, na mahakama haikujua lolote kuhusu ile sehemu. Sasa hakimu ameandika, mshili yuko tayari kuapa, hati inaombwa. Haya yote yametokea baada ya mimi kuingilia. Kwa mtu anayepima mambo kwa matokeo, mpango umefanikiwa.

Kosa langu lilikuwa kuchelewa. Nilisubiri mtu afe kwanza. Mirathi inatakiwa ianze mwenye mali akiwa mzima.

Baada ya ibada nikapanda kwa Bibi. Alikuwa anachambua maharage, akanishikisha ungo. Ana mbuzi, ana kuku, ana ile nyumba ya juu. Nikamwamkia, nikazungumzia mvua, kisha nikamuuliza kwa upole, muda ukifika, angependa nani awe msimamizi wa mirathi yake. Nikagusia diploma.

Bibi akauliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akasema pole, kwa sababu yeye amepanga kunizika mimi kwanza, na nishike ungo vizuri, namwaga maharage.

Nimeyaandika maneno yake yote nikiwa bado nayakumbuka. Amezungumzia mazishi. Hakumtaja msimamizi mwingine. Pingamizi hakuna.