Magoti ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tatu mke wangu Rhobi yuko Butiama, anamuuguza mama yake, Anastazia. Magoti yamesagika, daktari kasema. Huku Nyasho napika mwenyewe. Ugali wangu hata kuku wanausitia. Mpango ni rahisi: magoti yakipona, Rhobi anarudi. Nimenunua plasta za dawa ya Kichina. Maelezo yote ni ya Kichina. Picha ya goti ipo. Inatosha.

Jumatano, 5 Machi
Butiama. Nilisahau jambo moja: kwetu mkwe hagusi goti la mama mkwe. Hata kulitazama ni aibu. Nikasimama nje ya dirisha nikielekeza, Rhobi akabandika. Akauliza zikae muda gani. Nikasema siku mbili, kwa sauti ya mtu anayejua.

Ijumaa, 7 Machi
Kumbe ni masaa nane. Shemeji Enos, kaka yake Rhobi, alipiga picha boksi, simu ikamtafsiria. Mama ana malengelenge magoti yote mawili. Enos hakunigombeza. Hicho ndicho kinachoniudhi kwake. Akaleta mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huyo akasema plasta basi. Mama akae kitini, anyooshe mguu mara kumi, asubuhi na jioni. Nani anaponaga kwa kunyoosha mguu?

Jumapili, 9 Machi
Bado niko Butiama. Nimejifunza kuumika kwenye simu. Unapitisha moto ndani ya glasi, unaibandika, inavuta maumivu. Nikajaribu kwanza kwangu, juu kidogo ya goti. Glasi ikagoma kutoka. Nikakosa ibada. Rhobi akaja, akabonyeza ngozi pembeni kwa kidole, ikaachia. Akauliza nimekosa nini nyumbani mpaka nijichome.
“Nimekukosa wewe,” nikamwambia.
Akaichukua glasi, akarudi nayo jikoni. Lakini mchana niliwekewa sato mzima, Enos akapewa mkia.

Jumamosi, 29 Machi
Mama ametembea mwenyewe mpaka sokoni na kurudi. Rhobi yuko nyumbani tangu jana. Wote wanasema ni mazoezi. Mimi najua ni plasta, zilichelewa tu kufanya kazi. Jirani yetu Getruda analalamika kiuno. Nimemwambia asihangaike na hospitali. Sindano za Kichina nimeshaagiza, na video ya kufundisha kuzichoma ni ya dakika sita tu.