Themomita Sita Mbovu

Leo nimejiaibisha, tena mbele ya darasa zima na mwalimu mkuu.

Ndugu zangu, mnajua nilitoka Malindi Januari, nikaletwa kufundisha fizikia huku juu ya Kianyaga, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Muhula mzima, mazungumzo yangu na walimu wenzangu ni "habari" na "nzuri". Kisha kila mtu na kikombe chake. (Mimi changu nakijua hadi nyufa.)

Basi leo somo lilikuwa makosa ya vipimo. Nikawapa kidato cha tatu themomita sita. "Chemsheni maji. Mtasoma mia moja."

Yakachemka. Kundi la kwanza: tisini na nne. La pili: tisini na nne. Hivyo hivyo hadi la sita. Nikainama mwenyewe, jicho sawa na mstari. Tisini na nne!

Nikafurahi. Mfano umejileta wenyewe! "Mmoja akisoma vibaya, hilo ni kosa la nasibu. Pimeni tena na tena, litapungua. Lakini zote sita zikikosea sawasawa, kosa ni la chombo. Hata mrudie hadi Krismasi!"

Wakaandika. Nikajiona profesa.

Ningeishia hapo. Lakini (upweke nao!) nilitaka mtu mzima aone. Nikamwita mwalimu mkuu. Akaja na walimu wawili.

"Madam, tumeuziwa themomita mbovu."

"Mbovu aje? Hizi ni mpya."

"Zote zinapunguza digrii sita!"

Wanjiru, msichana wa nyuma asiyeongea kamwe, akainua mkono. "Mwalimu, si ulitufunza ati mahali pa juu maji inachemka mapema?"

Nilifunza. Wiki iliyopita. (Nilichora Mlima Kenya. Kwa chaki za rangi!)

Mwalimu mkuu akanitazama. "Kwani wewe umetoka wapi?"

"Malindi, Madam. Kando ya bahari."

Alicheka hadi akashika meza. Darasa likalipuka. Themomita zilikuwa sawa. Mbovu nilikuwa mimi.

Saa ya chai, mwalimu wa kemia, ambaye hajawahi kunisemesha zaidi ya "habari", akavuta kiti kando yangu. "Tisini na Nne, sogea basi." Nikasogea. Akanimiminia chai! Tukacheka wote hadi kengele. Jioni wakaenda kwao, nami kwangu, ambako hakuna mtu wa kumsimulia ila nyinyi.

Chekeni, lakini msimwambie mama. Yeye anajua huku naitwa Mwalimu.