Triga Laini ya Msasa

Gazeti la asubuhi ndilo lililoharibu kahawa. Katika duka la donati la Twyla, kwenye mji mdogo wa Oklahoma, Wakili alisoma kwa sauti habari ya muuza matairi wa kaunti jirani. Jamaa alimpiga risasi mtu aliyevunja mlango wake, akasema alijihami. Mahakamani mwendesha mashtaka hakuugusa mlango. Alishinda kutwa akizungumzia triga, kile kifyatulio cha bastola, ambayo jamaa aliilainisha mwenyewe, kana kwamba alikuwa na hamu ya kuua.

Wakili hakuwa wakili. Aliwahi kukaa mara moja kati ya wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi, kesi yenyewe ya trekta lililoibwa, na jina likamganda.

Verlon aliacha kutafuna. Wenzake walimwita Msasa, kwa kuwa hajapata kununua kitu akakiacha kilivyo. Nje, ndani ya pikapu yake, kulikuwa na revolva aliyoihangaikia miezi miwili kwa ajili ya binti yake Raelynn, anayefunga duka la dawa peke yake kila jioni. Leo ndiyo siku aliyopanga kumpelekea. Alikata springi ili triga iwe nyepesi, maana vidole vya Raelynn vina baridi yabisi. Kwenye mpini akachonga maneno mawili: Kwaheri, Mpenzi. Yote hayo akawaeleza.

"Umechonga nini?" Wakili akauliza.

"Utani tu."

"Utani na nani? Marehemu hacheki. Mahakamani mwendesha mashtaka atamsimamisha binti yako, amwambie asome huo mpini polepole, na kati ya wale kumi na wawili wamekaa akina mama watatu wa kanisani."

Msasa akasema sheria haikatazi kuchonga mpini. Wakili akakubali, akaongeza kwamba haikatazi pia kwenda mazikoni na kaptura.

Hollis, aliyekuwa fundi wa bunduki miaka arobaini na asiyeongea kabla ya kikombe cha pili, akauliza ameijaribu kwa risasi ngapi.

"Sita. Zikalia nne."

"Na mbili?"

"Zilisema tik."

Hollis akapangusa sukari kidevuni. "Springi ikilegea, nyundo yake inagonga risasi kivivu, isiwake. Yaani umemtengenezea mtoto bastola ambayo mwendesha mashtaka ataapa inalia upesi mno, na mwizi ndiye atakayegundua kuwa hailii."

Walicheka mpaka Twyla akamwaga kahawa. Msasa hakucheka. Akilini alikuwa anauona mlango wa nyuma wa lile duka la dawa. Akamwuliza Hollis kama anaweza kurudisha springi ya kiwandani leo leo. Hollis akasema anaweza, na mpini usiochongwa neno anao, ila vidole ni vya binti. Aje aijaribu mwenyewe.

"Kwani umemwuliza kama anaitaka?" akasema Twyla.

Hakuwa amemwuliza. Akapiga simu, akaiweka mezani kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio yake mazito, akaeleza kila kitu tangu springi hadi mpini.

Raelynn akamwacha amalize. "Baba, mimi ninayo tangu mwaka juzi. Niliichagua palepale dukani, inayovifaa vidole vyangu. Sijaigusa hata skrubu."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ungeomba uione."