Diski Yenye Homa

Jumapili, 2 Machi

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba diski ya kompyuta, kwa kuwa haina mdomo, haiumwi na joto. Mimi nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja. Sidanganyiki! Kinachozunguka husuguana, na kinachosuguana hupata moto. Leo nimeibandika diski kipimajoto cha marehemu mke wangu. Nyuzi thelathini na tisa! Mtoto mwenye homa hiyo hakai darasani. Na humo ndimo ilimo sauti ya marehemu, dakika kumi na moja, nakala pekee.

Shemeji, kaka wa marehemu, alikuja saa kumi kusikiliza, kama kila Jumapili. Akaomba nakala tena. Nikakataa tena. Nilimwambia sauti ya mtu haigawanywi kama mbegu. Sikumwambia kwamba mwenye nakala kwake hana sababu ya kupanda ngazi zangu. Niliposema diski inahitaji feni yake yenyewe, akauliza kama nitaitundikia na chandarua.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imekamilika! Diski na feni ya mezani, zote nimezikaza kwa skrubu juu ya ubao wa kukatia vitunguu. Nyuzi thelathini na moja. Ubao unatetemeka kidogo, mapazia yanapepea, karatasi zangu ziko chini ya kitanda. Ushindi una gharama zake.

Nilimpigia shemeji kumpasha habari. Hakupokea. Nikampigia tena kumwambia asijisumbue kunipigia. Hakupokea.

Jumatano, 5 Machi

Diski inalia. Ka, ka, ka, kama mtu anayegonga mlango. Nimeongeza feni hadi namba tatu.

Jioni. Sauti haifunguki. Nimejaribu mara kumi na nne. Nyumba kimya, isipokuwa feni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeipeleka kwa fundi kompyuta, mwanafunzi wangu wa zamani. Alipouona ubao alifunika mdomo kwa kiganja, kwa heshima. Akanieleza polepole, kama nilivyokuwa nikimweleza yeye: Mwalimu, diski si mtoto. Thelathini na tisa kwake ni uzima. Hata ikikaribia hamsini hailalamiki. Ndani ya kompyuta yenye matundu yasiyozibwa na vumbi, feni iliyomo inatosha. Diski ya nje kama hii, nyumbani kwa mtu mmoja, haihitaji hata hiyo. Kilichoiumiza ni mtikisiko. Na kinachookoa sauti si feni, ni nakala.

Nikasema nilikuwa nikishuku hivyo. Sikulala.

Jumapili, 9 Machi

Fundi kaja mwenyewe, shemeji akiwa tayari kitini. Dakika kumi zimepona. Ya kumi na moja, ile ambayo marehemu ananiuliza kama nimeshakizima kidude changu cha kurekodia, kisha anacheka, haimo.

Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu.

Kabla sijafungua kinywa, fundi akatoa diski mbili mpya, moja yangu, moja ya shemeji. Shemeji aliipokea yake kwa mikono miwili. Akasema sasa atamsikia dadake siku yoyote apendayo. Akaondoka chai ikiwa bado moto.

Jumapili, 16 Machi

Saa kumi. Hakuja. Magoti yake na ngazi zangu, bila shaka.

Saa kumi na moja. Nimesikiliza peke yangu. Dakika kumi ni fupi sana ukiwa huna wa kumwambia nyamaza, hapa ndipo penyewe.

Nimepima diski yangu mpya. Thelathini na tisa. Uzima mtupu, ninajua. Lakini fundi alinifafanulia mimi, dukani kwake. Shemeji hakuwepo. Wala hana kipimajoto. Ubao wa vitunguu nimeshauosha, na skrubu zote ninazo.

La kufanya leo: mpigie shemeji, mwambie diski yake ina homa, ailete.