Kompyuta ya Marehemu Mwalimu Tobias

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nchi nzima imepumzika, mimi nimeanza kazi kubwa. Asubuhi alikuja Mama Walburga, mjane wa mwalimu Tobias aliyetufundisha kwaya, kabeba kitu ndani ya kitenge. Kompyuta! Si hizi za sasa. Ya miaka ya themanini, nyeusi, ndogo kama kitabu cha misa, vitufe vya mpira. Kibodi yenyewe ndiyo kompyuta; unaichomeka kwenye runinga. Bruda mmoja wa misheni alimwachia marehemu wakati anarudi kwao. Humo Tobias alitunga wimbo wa ndoa yao, akauhifadhi kwenye kanda ya kaseti. Kuuandika, hakuuandika popote. Jumapili ni misa ya kumbukumbu yake, na mama anataka kuusikia tena. Mashine haiwaki.

Nikamwambia mama akalale usingizi. Jioni nikasimama mbele ya kwaya nikatangaza: Jumapili itaimba. Makofi! Na Jumapili hiyohiyo baada ya misa tunachagua mwenyekiti wa kwaya. Mpinzani wangu ni jirani yangu Hamphrey, mpiga kinanda, mtu ambaye hajawahi kufufua chochote.

Dafrosa, mke wangu, akauliza kama nimeshawahi kufungua kompyuta. Nikamjibu nimetengeneza redio. Akauliza ipi. Mwanamke huyu!

Jumanne, 8 Julai

Nimeifungua. Ndani nyigu wamejenga nyumba ya udongo, safi kabisa, vyumba na kila kitu. Tatizo limepatikana! Nikabandua udongo, nikasugua kwa mswaki na spiriti. Mswaki ulikuwa wa Dafrosa. Hajui bado.

Bodi, ule ubao wa nyaya wa ndani, ilihitaji jua. Jua lenyewe, kwa Mbinga ya mwezi huu, linakuja kama mgeni mwenye haraka. Mahali pazuri ni kichanja cha kahawa tu, nikailaza pale katikati. Ukungu uliporudi Dafrosa akaikunja kahawa yote ndani ya turubai, na bodi ndani yake. Nimeshinda jioni nzima nachokoa punje za kahawa kati ya nyaya. Nimemweleza kwamba hivi ni vitu vya kitaalamu. Akasema hata kahawa ni ya kitaalamu, na ndiyo inayotulisha.

Nimerudisha kila kitu. Skrubu moja imebaki. Haikuwa na maana.

Jumatano, 9 Julai

Nimewasha. Kimya. Basi si nyigu. Nikapima adapta kwa mita: sindano haikutikisika hata kidogo. Nikaipasua adapta. Fyuzi imekatika! Nimezunguka maduka yote ya mjini, fyuzi ya namna hiyo hakuna. Nikakumbuka mbinu ya mafundi wa zamani: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nikaikunja vizuri, nikaipachika, nikachomeka.

Paa!

Moshi. Giza kwetu. Giza kwa Hamphrey pia, maana tunatumia nguzo moja. Akaja na shati lililopigwa pasi nusu, akauliza kumetokea nini. Nikamwambia ni upepo. Akatazama migomba yangu. Hakuna jani lililotikisika. Akaondoka bila kuaga.

Adapta imeyeyuka. Sijakata tamaa. Nasema tena: sijakata tamaa.

Alhamisi, 10 Julai

Akili! Chini ya mashine pameandikwa volti tisa, na mchoro wa hasi ndani, chanya nje. Mchoro ule nimeuona wapi? Kwenye kinanda cha kwaya! Nikamwendea Eunice, katibu wetu, anayetunza ufunguo wa chumba cha kwaya. Nikamwambia kinanda kina vumbi, kinanitia huzuni. Akasifu moyo wangu. Nikapangusa kinanda kweli, mimi si mwongo. Halafu adapta ikaingia kwenye koti.

Nyumbani nikachomeka, nikaanza kutafuta chaneli kwenye TV yetu ya chogo. Chenga. Chenga. Chenga. Ghafla kioo kizima kikawa cheupe, na chini kabisa maandishi madogo meusi. Imewaka! Nilipiga kelele mpaka Dafrosa akaja na fimbo ya mti, akidhani nimenaswa na umeme. Alinichapa mkono kabla sijamweleza.

Ijumaa, 11 Julai

Mazoezi ya kwaya. Kinanda bubu. Hamphrey alitafuta adapta kila mahali, jasho linamtoka kwenye baridi hii. Nikaona nisikae tu. Nikaongoza msako. Nimeinua mabenchi, nimeingia chini ya meza, nimewasalisha wote kwa Mtakatifu Antoni, msaidizi wa vitu vilivyopotea. Mtu akasema labda panya. Nikawaunga mkono panya kwa nguvu zote. Tumeimba bila kinanda, sauti ya pili ikapotelea kusikojulikana.

Huku nyumbani kanda haisomeki. Kompyuta inasikiliza kaseti kutoka kwenye redio, inatoa mlio kama mbuzi anachinjwa, michirizi ya rangi inakimbia kwenye kioo, halafu inagoma. Nimejaribu mpaka Dafrosa kahamia jikoni na mto wake.

Jumamosi, 12 Julai

Nimesafisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti. Pembeni yake kuna kiskrubu. Nimekizungusha taratibu huku nasikiliza, mpaka mlio ukawa mkali kama wembe. Michirizi ikatulia. Ikasoma! Ikaimba!

Kusema kweli nilitegemea kinanda cha kanisa kubwa. Imetoka sauti moja nyembamba, ya mbu. Nikamwita Mama Walburga huku naandaa maneno ya kujitetea. Akaketi kwenye kigoda, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni yeye," akasema. "Hapo katikati anachelewa kidogo. Ndivyo alivyokuwa anaimba, baba."

Akaomba tena. Na tena. Dafrosa akatoka jikoni, akasimama mlangoni. Mimi mwenyewe nilisahau uenyekiti. Kwa muda.

Jumapili, 13 Julai

Kompyuta ilikaa mezani mbele ya altare, na kipaza sauti. Watu wanaitazama, nami natazamwa. Hamphrey naye akasogea kuona. Akainama. Akaigeuza adapta. Upande wa chini, kwa rangi nyekundu ya kucha: KWAYA.

"Valentino," akasema, na kipaza sauti kilikuwa wazi, "Mtakatifu Antoni amesikia."

Kanisa lote kicheko! Padri aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanacheza. Nilitamani sakafu ifunguke. Nikangoja Hamphrey achomoe adapta yake. Hakuchomoa. Akaniambia bonyeza.

Mbu akaimba. Hamphrey akatega sikio, akaanza kuufuata wimbo kwa mdomo umefungwa. Sauti ya pili wakamfuata. Ndipo Mama Walburga akasimama kwenye benchi lake na kuimba maneno, maana maneno anayajua yeye peke yake. Raundi ya mwisho hatukuisikia mashine tena.

Uchaguzi: Hamphrey kapata kura zote, isipokuwa moja. Nimemshukuru Dafrosa kwa uaminifu wake. Akasema yeye alimpigia Hamphrey.

Jumatatu, 14 Julai

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa la rangi ya kucha. Kitu cha kuazima lazima ukigeuze kwanza na kukikwangua.

Hata hivyo sifa zimeenea. Leo asubuhi kapiga simu Rosina wa Ngumbo, kule ziwani, ambaye jana alikuwepo kwenye misa. Friji lake kubwa la samaki limezima, mbasa wamejaa mpaka juu, na wageni wa harusi wanaanza kufika. Kapata fundi wa kutoka Mbamba Bay, ila akaona aniulize mimi kwanza. Nimemwambia amrudishe huyo fundi. Nimemwambia friji ni kompyuta yenye baridi, na kwamba kabla ya Jumapili litakuwa linanguruma. Nasafiri sasa hivi. Dafrosa ameuliza kama nimeshawahi kufungua friji.

Mara nyingi sana, nimemjibu. Mlango wake.