Yah: Springi za Nyuma na Kilo za Mama wa Mkurugenzi

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Kabla hujafika mstari wa pili, tafadhali inuka ufunge mlango. Ukisharudi kitini, nakuomba kwa heshima zote kila neno la barua hii libaki baina yako na mimi, pamoja na nukta zake. Usiisome kwa sauti. Usiiache mezani. Najua kazi ya gazeti ni kutangaza, na ndiyo sababu nimekuchagua wewe: hakuna atakayedhani kwamba mtu mwenye akili timamu ameificha siri yake gazetini.

Mimi ni karani katika idara moja ya Mji Mkongwe ambayo sitaitaja. Nimo katika kipindi cha majaribio, nasubiri barua ya kuthibitishwa kazini, na anayepaswa kuisaini ni Mkurugenzi wangu. Nitamwita Bwana T., ili Talib asijulikane. Bwana T. ana gari la mbio kutoka Japani. Lilifika likiwa chini, naye akalishusha zaidi. Sijui anakusudia kukimbilia wapi katika kisiwa ambacho ukikanyaga mafuta sawasawa huna budi kufunga breki ufukweni, lakini si kazi ya karani kuuliza.

Gari liliposhushwa, magurudumu ya nyuma yaliinamiana juu na kutanuka chini, mfano wa miguu ya ndama aliyezaliwa asubuhi, na tairi zikawa zinalika upande wa ndani. Fundi Mcha, mwenye gereji inayolihudumia, akasema pahitajika vipuri vya nyuma: mikono ya chuma inayorekebishika ili magurudumu yasimame wima, shokapu fupi, na springi mpya. Bwana T. akaniita ofisini kwake.

"Wewe si umesoma Tunguu?"

Nikasema naam.

"Basi chagua."

Nilichosomea chuoni Tunguu ni utunzaji wa kumbukumbu, lakini alikuwa ameshapokea simu nyengine.

Ndipo nilipoukimbilia ukurasa wako. Uliandika, na nimelihifadhi kwa moyo, kwamba mwenye kushusha gari achague springi za nyuma kwa kufuata uzito halisi wa wanaokaa nyuma. Uliyoandika ya mikono niliyafuata, na sasa magurudumu yamesimama kama askari wa gwaride. Ya shokapu niliyafuata pia. Ni hayo ya uzito halisi yanayonilazimisha kukulalamikia, kama ifuatavyo.

Kwanza, hukueleza uzito huo unaulizwa vipi. Nyuma ya gari lile hakai mwengine ila Bi Kazija, mama mzazi wa Bwana T., ambaye kila Jumapili hupelekwa Matemwe kwa dada yake. (Naona nimemtaja. Lifute jina hilo mwenyewe, kwa kalamu nyeusi.) Muuzaji wa vipuri, aliye ng'ambo, alitaka kilo. Nilikwenda nyumbani kwa Bi Kazija nikiwa na mpango kamili: nitatoa shikamoo, nitauliza afya, na kutoka kwenye afya nitahamia kwenye mwili. Aliitikia marahaba, akayatazama mashavu yangu, akasema ofisi ya mwanawe inaniua, akanikalisha mbele ya mkate wa kumimina na hakuniruhusu kuinuka mpaka sinia likabaki tupu. Nilitoka pale nimeongezeka uzito mimi. Wa kwake sikuupata.

Pili, hukutaja wa kuulizwa badala yake. Nilifikiria kumuuliza Bwana T., nikaona haifai. Mtoto hawezi kuujua uzito wa mama yake. Aliyebebwa ni yeye.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima raha, hukutuonya tuliolelewa. Nilipobaki peke yangu na lile swali la muuzaji, mkono ulikataa. Huwezi kumwandikia mgeni, tena asiyemjua, kilo zote za mtu mzima anayekwambia "mwanangu". Ofisini kwetu tukimtaja mkubwa asiyekuwepo tunamtaja kwa uzuri. Basi na mimi nikamtaja kwa uzuri. Niliandika kilo arubaini na tano.

Springi zikaja, zikafungwa. Jumapili nikaenda kushuhudia, pale gari linapoishia na uchochoro unapoanzia, mbele ya baraza ambayo haijapata kukosa watu. Nilikuwa nimeshika kikapu cha Bi Kazija. Alitia mguu mmoja, gari likatulia kama linalosikiliza. Akatia wa pili, akakaa. Na gari nalo likakaa.

"Talib, gari lako limekaa kitako," akasema mmoja barazani.

"Mwacheni, linapumzika, limetoka Japani," akajibu mwengine.

Bi Kazija alitazama mbele, akasema kwa sauti ya chini, "Gari hili linanijua." Mimi niliyekuwa mlangoni na kikapu nilielewa kwamba bibi wa watu ameaibishwa hadharani na springi, na springi zimechaguliwa na mimi. Bampa ya nyuma ilikwaruza kuanzia pale, na naambiwa ilikwaruza kwenye kila tuta hadi Matemwe.

Jumatatu Bwana T. aliniita tena. "Abdulrazak, zile springi ulimchagulia nani? Paka?" Kisha akaichukua barua yangu ya kuthibitishwa, akaitia kwenye mtoto wa meza, akafunga. "Gari likikaa sawa, na wewe utakaa sawa." (Jina langu pia lifute.)

Nne, nalalamikia tuta la mbele ya skuli, njia ya kuingilia Matemwe. Limejengwa kwa ajili ya gari zilizo juu, bila kuwafikiria viongozi walioamua kushuka.

Sasa Jumamosi hii gari linarudishwa kwa Fundi Mcha. Amekwisha kunieleza atakavyofanya: atapakia mifuko ya mchanga kwenye kiti cha nyuma mpaka gari lishuke kama lilivyoshuka Jumapili, halafu ataniuliza mimi niliandika kilo ngapi. Wateja wake wote watakuwepo. Nikisema arubaini na tano, mchanga utanisuta, na kila mmoja atahesabu mifuko na kupata kilo za mama wa Mkurugenzi. Nikinyamaza, nitakuwa karani asiyejua kuchagua hata springi. Njia zote mbili zinaishia nje ya lango la idara.

Kwa hiyo naomba, kabla ya siku hiyo, gazeti lako lichapishe lolote kati ya haya.

Lichapishe kwamba viwanda vya springi vimetakiwa kutengeneza aina maalumu kwa nchi zenye adabu. Hesabu yake si ngumu: kwa kila abiria wa nyuma anayestahiki shikamoo, kiwanda kiongeze kimya kimya kilo arubaini juu ya zilizoandikwa. Akiwa ni mama wa bosi, kiongeze hamsini. Mteja asiambiwe.

Ikiwa viwanda viko mbali, lichapishe kwamba wataalamu wamegundua ardhi ya Unguja imeinuka, hivyo gari zote zinaonekana zimeshuka na hapana wa kulaumiwa.

Ikiwa hilo nalo lina ugumu, basi litangaze kwamba kilo yenyewe imebadilishwa, na kuanzia sasa kilo moja ya Zanzibar ni sawa na mbili za kwengineko. Kwa hesabu hiyo sitakuwa nimesema uongo, nitakuwa nimetangulia tu.

Nisalimie wote hapo ofisini: wapiga picha, wapanga kurasa, na yule anayetunga chemshabongo, mwambie nashindwa kila wiki. Nisalimie na mama yako mzazi, ambaye sikuulizi chochote kuhusu yeye. Ukitaka kunijibu usipige simu. Weka tangazo la mbuzi wa kijivu aliyepotea. Ukiandika kwamba amepatikana, nitajua umekubali. Ukiandika kwamba bado anatafutwa, nitaanza kutafuta kazi.

Wako katika hofu na utiifu,

Karani Asiyejulikana

N.B. Barua hii ilichelewa kutiwa posta, na Jumamosi imefika na kupita. Fundi Mcha alipoanza kupakia mchanga, Bi Kazija, aliyekuja kwa miguu yake kuangalia gari lake linafanywa nini, aliuliza mchanga wa nini na yeye yupo. Akaingia mwenyewe. Gari likashuka. Fundi akaniuliza mbele ya watu wote, nami nikajikuta nimesema: arubaini na tano.

Bi Kazija alicheka mpaka gari likatikisika. "Arubaini na tano ni upande mmoja, mwanangu. Wa pili ulimwachia nani?" Akasema ana kilo tisini na moja, hupimwa kliniki kila anapokwenda, na angeniambia siku ile ile ya mkate lau ningemuuliza. Kilichomuudhi ni kufanywa mgonjwa, kwa kilo chache nilizomwandikia.

Bwana T. akaahidi kuagiza springi ngumu. Akakatazwa. "Usiziguse. Wajukuu zangu wananipita na simu masikioni. Gari hili likiniona linainama. Ndilo pekee lililolelewa." Kisha akauliza kama huyu kijana ameshaajiriwa. Bwana T. akasema barua iko ofisini. Bi Kazija akasema hana haraka, atasubiri humo humo garini mpaka iletwe. Ikaletwa, ikasainiwa juu ya buti.

Kwa hiyo puuza yote niliyoyaomba hapo juu, na mbuzi mwache. Bi Kazija anataka barua hii ichapishwe, na kilo zake ziandikwe kwa herufi kubwa bila kupunguzwa hata moja. Majina niliyosema uyafute, usiyafute.

Barua yangu ya ajira inataja "kazi nyengine atakazopangiwa", na ya kwanza nimeshapangiwa: kila Jumapili nakaa nyuma pamoja naye, ili gari lisilale upande mmoja. Basi ukinihitaji, simama kwenye tuta la mbele ya skuli, njia ya kuingilia Matemwe, asubuhi. Huna haja ya kuniita. Utasikia bampa inakwaruza. Ndio sisi. Mimi ni huyo wa kushoto, mwenye kikapu mapajani.